Upande wa Dirisha

Siku ya arobaini baada ya mazishi ya mumewe, ukuta wa chumba cha Bi Mwanakheri ulisogezwa hatua tatu, kama sheria ya mnara walimoishi ilivyoagiza: nafasi hufuata idadi ya watu, ili jengo lisimeze hata shubiri moja zaidi ya ardhi. Dirisha, lililokuwa upande wa marehemu, likaenda kwa jirani yake Rukia, aliyejifungua.

Bi Mwanakheri aligonga ukuta.

"Mwanangu Rukia, mvua inanyesha?"

"Bibi yangu, umeniuliza mara nne tangu asubuhi! Jua linawaka."

"Na mtoto?"

"Amelala hapa dirishani."

Hapo ndipo marehemu alipokuwa akilaza kichwa. Bi Mwanakheri aligonga tena.

"Na sasa, Rukia, bado hainyeshi?"