Matofali ya Wifi

Alimwaga ndoo nzima juu ya matofali, akasimama pembeni kusubiri tope.

Tope halikuja. Matofali yaliyanywa maji yote, yakakolea rangi kidogo tu, basi. Mwalimu wa darasa la pili akatazama huku na huku. Watoto walishakwenda nyumbani, na fundi alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye kibarua chake cha alasiri. Akarudi bombani kuchota ndoo nyingine.

Hakuwa mtu mbaya. Mtoto akija shule na kifungo kimekatika, ni yeye aliyetoa sindano mkobani na kukishona, mtoto akiwa bado ndani ya shati. Lakini tangu mkutano ule wa wazazi, kinyongo kilikuwa kimemkaa na hakikutaka kutoka.

Darasa lake lilikuwa la mabati juu na mabati ubavuni. Ikifika saa sita watoto walilala juu ya madawati kama nguo zilizoanikwa. Mvua ikinyesha alifundisha kwa kuandika ubaoni tu, maana hata angepiga kelele vipi hakuna aliyemsikia. Miaka mingi aliomba darasa la maana, akaambiwa avute subira. Akaivuta mpaka ikarefuka.

Kisha akaja wifi yake, mdogo wa mumewe, kufundisha darasa la kwanza. Hata viti vya ofisini hajavizoea, akasimama mbele ya wazazi akawaeleza kwamba mtoto hawezi kusoma ndani ya tanuri. Tujenge kwa udongo wa kiwanja hiki hiki, alisema, ushindiliwe kwa mashine na usichomwe, ili tusikate mti hata mmoja kwa ajili ya kuni. Tuweke madirisha chini na matundu juu, hewa ya moto ipate pa kutokea. Maji ya mvua tuyakinge kutoka kwenye paa. Wazazi walipiga makofi, na palepale wakakubali kuanza na darasa moja la majaribio.

Kilichomuuma ni kwamba nusu ya maneno yale yalikuwa yake. Aliyasema jikoni kwake, wakiosha vyombo, wifi akiitikia tu "ehee, ehee." Kumbe alikuwa anayaweka akiba.

Darasa lenyewe lingekuwa la nani, hakuna aliyetangaza. Lakini hilo nalo lilihitaji kutangazwa? Wifi ndiye aliyeshinda na fundi akipima kwa kamba. Wifi ndiye aliyejua mlango utatazama wapi. Tena alikuwa na ujasiri wa kuja kumuuliza, mbele za watu, huku anacheka, "Wifi, ingekuwa wewe, ubao ungeuweka upande gani?"

"Mwenye darasa ndiye anayejua," alimjibu, akaenda zake.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Utotoni aliwahi kuona nyumba ya udongo ikilainika kwa mvua moja na kukaa chini kama mzee aliyechoka. Na haya matofali hayakuona moto hata kidogo. Yakiyeyuka yangali chini, kabla ya ukuta kupanda, hataumia mtu. Ataumbuka wifi peke yake.

Kwa hiyo kila alasiri alifunua turubai, akamwaga, akafunika. Asubuhi alipita kuchungulia. Yako vile vile. Akaongeza maji.

Nyumbani wifi alimuuliza mbona siku hizi anachelewa kurudi. Akasema anasahihisha madaftari. Kesho yake wifi alichukua nusu ya madaftari yale akamsahihishia, akayarudisha yamepangwa vizuri. "Pole na kazi, wifi," alisema. Hata wema ule ulimchoma. Mtu ukishamchukia, akikusaidia ndiyo anakukera zaidi.

Siku ya kuyajaribu matofali, wazazi walijaa uwanjani. Mwalimu wa darasa la pili alisimama nyuma kabisa. Fundi alichukua tofali, akalinyanyua mpaka begani, akaliachia lianguke juu ya jiwe. Kule nyuma, mwalimu moyo ulimwenda mbio kwa furaha.

Lilidunda, likalala upande, zima.

Fundi akachukua jingine. Nalo zima. Akacheka peke yake, akasema tangu aanze kazi hii hajaona matofali yaliyokomaa namna ile. Udongo ule, alieleza, aliuchanganya na saruji kidogo, na saruji isiponyweshwa inakuwa unga. Yeye alasiri hayupo, hivyo alimwomba mwalimu wa darasa la kwanza ayamwagilie. "Na ameyamwagilia kweli kweli," alisema. "Kama anatunza bustani."

Wifi akasimama.

"Si mimi," alisema. "Kila nikija nayakuta yameshanywa. Ni wifi yangu yule pale nyuma."

Watu wakageuka, wakampigia makofi. Alitamani ardhi impokee.

Mwalimu mkuu akasema imekaa vizuri, maana hata darasa lenyewe ni la kwake. Kabla jembe halijagusa ardhi, wifi mtu alikwenda ofisini kuomba darasa la pili liingie kwanza, kwa kuwa mabati yale yanawatesa watoto na mwalimu wao, na akaomba ibaki siri mpaka siku ya leo.

Wifi alipita katikati ya watu, akamkumbatia, akamnong'oneza sikioni.

"Nilikuona tangu siku ya kwanza, wifi, na uso wako niliuona. Nikaamua kunyamaza. Ungejua darasa ni lako, usingemwaga hata nusu ya maji yale."