Chui Aliyejitolea Kuchangisha

Moto wa nyika ulipoacha mayatima wengi, Nguchiro alipewa kazi ya kutafuta wa kujitolea kuchangisha chakula. Walijitokeza wawili: Chui, na Kanga asiyeishiwa maneno.

“Mama Kanga, wewe utashinda kwenye mlango mmoja,” Nguchiro alisema, akamtuma Chui.

Chui alirudi na kapu lililofurika. Alipotumwa tena, alikuta nyumba zote zimehamwa. Akarudi mikono mitupu, amenyong'onyea.

“Nimekosa nini, mzee? Sikumgusa mtu, na niliomba kwa adabu.”

“Hukukosa. Walitoa ili uondoke. Mwenye kosa ni mimi niliyekutuma.”

Nguchiro akaenda kumwomba Kanga radhi. Kanga akawafuata waliohama, akaketi na kila mmoja, akamsimulia habari za watoto wale kwa majina yao. Alirudi na nusu kapu tu. Nguchiro alichungulia ndani, akaguna. Alipoinua macho, aliwaona Digidigi, Nungunungu na Swala wakija nyuma ya Kanga, wakiuliza kesho waanzie wapi kuchangisha.

Chui, aliyekuwa akipepeta nafaka ghalani, naye aliwaona. Akajisogeza nyuma ya ghala wasije wakakimbia, akaendelea kupepeta mtama wa watoto.