Dakika Nne za Kilimia

"Hiyo si galaksi, binti," alisema mtahini mkuu, akigonga karatasi kwa kalamu. "Huo ni uzio wa umeme wa wafuga kondoo. Unatoa cheche, darubini yetu ya redio inadaka kelele."

Shahada nzima ya Katriena ilining'inia kwenye alama ile moja ndogo ya mawimbi iliyochorwa kwenye karatasi, na mtahini alikuwa ameshaandika "uzio" pembeni yake.

Katriena alisugua kovu la kidole gumba, alilolipata kwa mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo kwao Karoo, nyanda kame za Afrika Kusini. Nyuma kabisa aliketi bibi yake na kofia ya kanisani, kaibana midomo kama mtu anayezuia jibu lisimponyoke.

"Profesa, nyaya hizo nazijua, zimenirusha tangu utotoni." Watu wakacheka. "Naomba nikutegee kitendawili cha bibi yangu. Yuko asiye na saa, lakini kila siku huja mapema kwa dakika nne."

"Nani huyo?"

"Kilimia, na nyota wenzake wote." Akamfunulia ukurasa wa vipimo. "Alama yangu nimeifuata mwezi mzima. Kila siku imetangulia dakika nne, mpaka jumla yake ikafika saa mbili nzima. Uzio hufuata saa ya mfugaji, Profesa. Hii inafuata mbingu."

Mtahini alipitisha kidole kwenye safu ya nyakati, taratibu, mpaka mstari wa mwisho. Kisha akalikata neno lake kwa kalamu.

Kule nyuma bibi aliiweka sawa kofia yake, akamgeukia jirani asiyemjua.

"Huyo ni wangu," akamwambia.