Puli ya Tatu

Mafunda alipitisha mkanda kwenye puli ya tatu, gurudumu kubwa aliloliongeza mwenyewe ili mashine ya kutobolea vyuma ipunguze mwendo. Chuma kilikuwa kinene na tundu lilitakiwa pana. Kwa kasi ya zamani bamba lingenasa kwenye biti, ile ncha ya kutobolea, lizunguke na kumpiga, kama jingine lilivyompiga mumewe Shemboza mwaka juzi likamuua.

"Shemeji, kwa mwendo huu," alitania Chande, jirani yake, fundi wa kuchomelea vyuma, "tundu litatokea wajukuu wako wana mvi!"

"Bora wanikute hai, shemeji."

Akawasha. Zamani mashine ilinguruma tu. Sasa ilizunguka polepole mno, hata kiungo cha mkanda kikasikika kila kilipopita kwenye puli: kishindo kizito, kishindo chepesi, kisha kimya kidogo. Mafunda aliujua mwendo ule. Ndivyo Shemboza alivyokuwa akichechemea kila asubuhi, kutoka mlangoni hadi hapo mashineni.

Hakugeuka. Aliukandamiza mpini, biti ikaanza kuzama. Nyuma yake Chande, utani umemwishia, aliinuka taratibu akalivuta benchi lake kupisha njia ya kutoka mlangoni.