Huyu Si Mtu, Pita

Shati lilikuwa limeshanyooka zamani, lakini Mama Kinda aliendelea kulipiga pasi. Kola, mikono, kola tena. Mumewe alisimama mlangoni na fulana yake, akingoja.

"Litaungua, mama."

"Acha liungue," alisema, kisha akampa.

Miezi saba sasa mazungumzo yao yalikuwa ya chumvi na maji tu. Mawakili walikataza habari za kesi zisitajwe nyumbani, na hata wasingekataza, nani angeziweza? Kinda alikuwa binti yao wa pekee, msichana wa miaka ishirini na miwili, wa kucheka hata akisalimiwa. Aligongwa na kigari cha kubebea matofali, kiwandani, saa nne asubuhi, jua linawaka, watu wanaona.

Kigari chenyewe ni hivi vya kisasa. Hakina dereva, kinajiendesha toka kwenye mashine ya kufyatulia hadi uwanja wa kukaushia. Kina jicho mbele, na kikimwona mtu kinasimama mpaka apite. Wafanyakazi walikibandika jina la Mkwe, kwa ile adabu yake.

Lakini adabu nayo ikizidi ni kero. Kazi ya Kinda ilikuwa kumwagilia matofali. Kutwa anakatiza njia na mpira wake wa maji, kutwa Mkwe anasimama. Mizigo ikachelewa, wateja wakaja juu. Basi mwenye kigari akafanya jambo ambalo yeye aliliona dogo. Alimpiga Kinda picha akiwa na aproni yake ya njano, akaitia kwenye kumbukumbu ya kigari pamoja na picha za vivuli na mifuko mitupu inayopeperushwa na upepo, vitu visivyo na haja ya kusimamiwa. Yaani huyu si mtu, pita. Kinda ana macho, alijisemea, atapisha mwenyewe.

Na kweli, wiki tatu nzima alipisha. Siku ile alikuwa anarudi kinyumenyume, anavuta mpira ulionasa.

Mafundi walipoifungua kumbukumbu ya kigari waliikuta picha. Kinda anacheka, jino lake la pembeni linaonekana.

Jamani, kufiwa ni kufiwa. Lakini kilichomchoma Mama Kinda mpaka mfupani ni karatasi ya wakaguzi, iliyoandikwa kabla ya picha ile kuonekana. Ilisema chanzo ni uzembe wa marehemu. Mwanawe amezikwa, na juu ya udongo wamemtwika na kosa! Hakutaka kingine duniani ila hakimu atamke, watu wasikie, kwamba Kinda hakukosa.

Wakili wake, mwanamke wa sauti kavu asiyependa kuzungukazunguka, alimwambia njia ni moja.

"Mshtaki mwenye kigari. Sheria haimuulizi kama alikusudia. Umeleta kitu cha hatari mahali penye watu, kikiua, ni juu yako."

"Na yule aliyekiuza?"

"Alikiuza jicho likiwa zima. Aliyelipofusha ni mwenyewe."

Mama Kinda alikaa siku tisa karatasi ziko mezani, hazigusi. Siku ya kumi mumewe ndiye aliyemtafutia kalamu.

"Tia sahihi," alimwambia. "Na ukiulizwa huko, usimhurumie mtu. Mtoto kwanza."

Alitia. Kisha alikwenda jikoni akalia, na mumewe akalia chumbani, kila mtu na ukuta wake.

Mahakamani walikaa benchi moja, magoti yanagusana. Jirani yao alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye kesi ya mpaka wa kiwanja na mdomo usiotulia. Aliuliza, wakamweleza kwa kifupi.

"Uuu, poleni wenzangu! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Akatikisa kichwa. "Hivi huyo mwenye kigari usiku anapata usingizi kweli?"

"Hapati," alisema Mama Kinda.

"We nawe! Umeanza kumtetea? Hao wanakoroma, mama, wanakoroma kabisa." Akainama kumwangalia Baba Kinda. "Na wewe baba, jikaze. Mungu awatangulie, mumshinde."

"Amina," alisema Baba Kinda.

Mama Kinda aliushika mkono wake. Hakuwa ameushika tangu makaburini. Ulikuwa wa baridi, na makunyanzi yake alikuwa anayajua yote. Alitaka kushinda kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na aliogopa kushinda.

Hakimu aliingia, watu wakasimama, wakaketi. Karani alisoma namba ya kesi, akaita mdai.

"Nipo," alisema Mama Kinda.

Karani akafunua ukurasa, akamwita mdaiwa, mwenye kigari.

"Nipishe kidogo, mama," Baba Kinda alimwambia mkewe, akiinuka taratibu. "Naitwa mimi."