Picha Iliyoganda

Limi alikuwa dukani Guangzhou, China, laini ya eSIM aliyoinunua kwa safari ikivuta intaneti bila kusuasua, mama yake alipopiga video kutoka wodini, hospitali ya Kolandoto.

"Mwanangu, napasuliwa Ijumaa. Uliniahidi utakuwepo. Unafika?"

Limi alikuwa ameshasogeza mbele tarehe ya kurudi, kupita hiyo Ijumaa, amalizie kununua viatu vya duka lake la Kahama. Kusema akashindwa. Akajigandisha, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu, kama picha iliyokwamishwa na mtandao.

Jasho likamteremka puani. Hakulifuta.

Mama akaisogeza simu karibu, akamtazama kwa muda mrefu.

"Wewe Limi, mtandao umekugandisha peke yako? Mbona huyo Mchina nyuma yako anaendelea kupanga viatu?"

Limi bado hakuufumba mdomo.