Ndimi Alizokula Mzee Mbweha

Huko nyikani, kila mbuzi alipopatikana, Mzee Mbweha alikula ulimi peke yake. Binti yake Ubah akiutamani, aliambiwa, "Mwanangu, msichana akila ulimi huota domo. Uzuri wa binti ni kunyamaza."

Basi Ubah akanyamaza, na sifa za uzuri wake zikaleta wachumba.

Siku moja, mzee akiwa ameinamia mlo wake, Ubah alimwona Chui akimnyemelea babaye kwa nyuma. Akafunua kinywa, akaukumbuka uzuri wake, akakifumba.

Mzee aliponyoka bila mkia, akitweta. "Ulimwona! Mbona hukusema?"

"Niseme kwa ulimi upi, baba?" Ubah akauliza taratibu. "Tangu nizaliwe, ndimi zote umekula wewe."